Kuzuru Dakshineswar na Belur Math: hekalu na nyumba ya watawa kando ya mto Hooghly

Swali: Msomaji wetu wa Mombasa, ambaye ni Mwislamu na mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, atakwenda Kolkata, India, mwezi wa Desemba kumwona mwanawe anayesoma huko. Mwana ameahidi kumpeleka yeye na mkewe kwenye hekalu la Dakshineswar na nyumba ya watawa ya Belur Math, zote zikiwa kando ya mto Hooghly. Jirani yake amemwambia kwamba wasio Wahindu hurudishwa mlangoni. Anauliza kama ni kweli, wavae nini, wafanye nini wakipewa chakula kilichotolewa mbele ya sanamu, na kama siku moja inatosha kwa sehemu zote mbili bila kukosa swala.

Jibu: Mwalimu, mlango uko wazi. Dakshineswar na Belur Math humpokea mgeni wa dini yoyote, bila kiingilio na bila kumhoji anaabudu nini. Hata hivyo jirani yako hakubuni maneno, bali huenda alisikia habari za hekalu jingine. Huko Puri, mji wa pwani ulio kusini-magharibi mwa Kolkata, hekalu la Jagannath haliwapokei wasio Wahindu, na mwaka 1984 hata Waziri Mkuu Indira Gandhi alikataliwa kuingia kwa hoja kwamba alikuwa ameolewa na mtu wa jamii ya Waparsi, ambao si Wahindu. Katika hekalu la Pashupatinath mjini Kathmandu, Nepal, lililo kando ya mto Bagmati, wageni wa dini nyingine hawaingii katika hekalu kuu, na wengi huishia kulitazama kutoka ukingo wa pili wa mto. Bengali, yaani eneo ulimo mji wa Kolkata, ina mazoea tofauti, na sehemu unazokwenda zina historia inayoeleza kwa nini.

Jambo la kufahamu kabla hamjatoka nyumbani ni kwamba sehemu hizi mbili, ingawa zimezaliwa na kisa kimoja na zimetenganishwa na mto na kilomita chache tu, si nyumba za aina moja. Dakshineswar, kwenye ukingo wa mashariki, ni hekalu la umma, ambamo watu huja kumwona mungu wao, hutoa sadaka, huoga mtoni na kurudi makwao, na kelele zao ni sehemu ya ibada. Belur Math, kwenye ukingo wa magharibi, ni makao ya watawa wanaoishi kwa kanuni na ratiba, na kila anayevuka lango lake ameingia katika nyumba ya watu. Mgeni anayejitenga kwa ukimya pale Dakshineswar ataachwa nyuma na foleni, na anayezungumza kwa sauti pale Belur atanyamazishwa na mlinzi. Kwa maoni yangu ni vizuri kuanza Dakshineswar, kwa kuwa huko ndiko mambo yalikoanzia, halafu mvuke.

Kwa kuwa unafundisha historia, nadhani utampenda mwanamke aliyelijenga hekalu hilo. Rani Rashmoni alikuwa mjane tajiri wa Kolkata aliyezaliwa katika tabaka lililohesabiwa kuwa la chini. Wabengali bado wanasimulia jinsi alivyoikomoa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ilipowatoza wavuvi ushuru: alikodi sehemu ya mto, akaifunga kwa minyororo ili meli zisipite, mpaka ushuru ukaondolewa. Mwaka 1847 alikuwa tayari kusafiri kwenda kuhiji Varanasi, na inasimuliwa kwamba usiku wa kuamkia safari aliota mungu wa kike Kali akimwambia asiende, bali amjengee nyumba papo hapo kando ya mto. Alinunua shamba la ekari zipatazo 20 kwa Mwingereza mmoja, na sehemu ya shamba hilo ilikuwa makaburi ya zamani ya Waislamu. Ujenzi ulichukua miaka minane, na hekalu likafunguliwa tarehe 31 Mei 1855. Hapo tabaka lake likawa kikwazo, kwa sababu makuhani wa Kibrahmani, yaani wa tabaka la juu kabisa, walisita kuhudumu katika hekalu la mtu kama yeye. Aliyekubali ni Ramkumar Chattopadhyay, aliyekuwa na mdogo wake, na mdogo huyo ndiye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ramakrishna.

Ramakrishna, aliyezaliwa mwaka 1836, aliishi Dakshineswar kwa takriban miaka thelathini. Jambo linalowashangaza wageni wa dini nyingine ni kwamba kuhani huyu wa Kali, mnamo mwaka 1866, alifuata kwa siku chache njia ya Kiislamu chini ya uongozi wa mtu aliyeshika mafundisho ya Kisufi, akaswali, na katika muda huo hakutaka kuingia katika ua wa hekalu. Miaka kadhaa baadaye alijielekeza kwa Yesu pia. Alihitimisha kwamba njia zote zinafika kwa Mungu mmoja. Wewe huna haja ya kukubaliana na hitimisho hilo ili uwe mgeni mwema, lakini ukilijua utaelewa kwa nini hakuna anayekukodolea macho langoni.

Kufika Dakshineswar si kazi. Tangu Februari 2021 treni ya chini ya ardhi ya Kolkata inafika hadi hapo kutoka katikati ya jiji, na kutoka kituoni kuna njia ya juu ya waenda kwa miguu, iliyofunguliwa mwaka 2018, inayowafikisha watu karibu na lango bila kupambana na magari. Njiani mtapita maduka mengi, na hapa ndipo penye hila ndogo ya kibiashara: mwenye duka atamwita mkeo kwa upole, atampa kikapu cha maua mekundu ya haibiskasi, ubani na peremende za maziwa, atajitolea kumtunzia viatu, kisha bei itatajwa mwishoni. Kikapu hicho ni sadaka ya kupeleka kwa Kali. Kwa kuwa hamkusudii kuabudu, kataeni kwa tabasamu na mwendelee na safari, kisha viatu mvipeleke penye sehemu rasmi ya kuviacha. Simu na kamera nazo haziingii katika eneo la ndani ya hekalu, kwa hiyo kubalianeni mapema mtakutana wapi mkipoteana, maana hamtaweza kupigiana.

Ndani ya ua mtaliona hekalu kuu lenye minara tisa, refu kupita mita 30, na mbele yake, upande wa mto, safu ya vihekalu kumi na viwili vya mungu Shiva vinavyofanana, sita kila upande wa ngazi za kushukia mtoni. Foleni ndefu ni ya kumwona Kali, ambaye hapa huitwa Bhavatarini. Chumba chake ni kidogo, na mtu humwona kutoka mlangoni kwa muda mfupi kabla ya kusukumwa mbele na wanaomfuata. Naomba mjiandae kwa mtakachokiona. Kali ni sanamu ya jiwe jeusi, ametoa ulimi, amevaa shada la vichwa, na amesimama juu ya kifua cha Shiva aliyelala. Wahindu wengi mnaowajua Mombasa ni wenye asili ya Gujarat, na mahekalu yao, kama yale ya Swaminarayan, yana sura nyingine kabisa, kwa hiyo usiipime Bengali kwa kipimo cha nyumbani. Kwa Mbengali, huyu ni Mama, na watu wazima walio mbele yako kwenye foleni watamwita hivyo kwa machozi. Kicheko cha mshangao au mnong'ono wa dhihaka husikika hata kama lugha haieleweki.

Kama hamtaki kupanga foleni, hakuna anayewalazimisha, na binafsi naona sehemu zenye manufaa zaidi kwa mtu wa historia ziko pembeni. Katika kona ya kaskazini-magharibi ya ua kuna chumba alichoishi Ramakrishna, chenye kitanda chake, na watu huketi sakafuni humo kimya kwa muda wanaoutaka. Karibu yake, kaskazini, kuna mnara mdogo wa wapiga muziki uitwao Nahabat, na katika chumba cha chini cha mnara huo mke wake, Sarada Devi, aliishi miaka mingi, akipika, akilala na kuweka vyakula vyote mle mle. Ingia uone chumba hicho kilivyo kidogo, ndipo utaelewa kwa nini Wabengali wanamtaja kwa heshima ile. Mbele kidogo ni kichaka cha miti kiitwacho Panchavati, ambako Ramakrishna alifanya ibada zake. Huko kuna kima wa kijivu wenye mikia mirefu ambao wamezoea kulishwa na wageni na wamejua namna ya kudai, kwa hiyo msitembee na chakula mkononi.

Kuhusu mto wenyewe, Hooghly ni mkono wa mto Ganga, na kwa Wahindu maji yake ni matakatifu. Kushuka ngazi na kugusa maji hakukatazwi kwa yeyote. Hata hivyo mto huu hujaa na kupwa kama bahari, kwa sababu mawimbi ya Ghuba ya Bengali hupanda hadi hapo, na ngazi za chini zinazofunikwa na kufunuliwa hubaki na tope linaloteleza. Msinywe maji hayo, hata mkiona wengine wakiyanywa. Na hata pale ambapo kamera haijakatazwa, msiwapige picha watu wanaooga, hasa wanawake.

Sasa lile la chakula. Kilichotolewa mbele ya sanamu na kurudishwa kwa watu huitwa prasadi, na mtapewa kwa ukarimu: peremende, kipande cha tunda, au pale Belur mchana, wali uliopikwa pamoja na dengu. Kama ni halali kwako kukila au la ni suala la kumuuliza shekhe unayemwamini kabla ya kusafiri, nami si mtu wa kulitolea fatwa. Ninaloweza kukueleza ni adabu ya kukataa, ambayo ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Kutanisha viganja viwili mbele ya kifua, inamisha kichwa kidogo, na usinyooshe mkono kupokea. Hakuna atakayeuliza zaidi. Katika jimbo la West Bengal, kwa sensa ya mwaka 2011, zaidi ya robo ya wakazi ni Waislamu, na watu wa Kolkata wamekua na majirani ambao hula hiki na kuacha kile. Kinachoumiza ni kupokea halafu kutupa. Ikitokea kitu kimekwisha kuwekwa mkononi mwako, mpe aliye karibu nawe, naye atakipokea kwa furaha, lakini kisiangukie chini wala kwenye pipa la taka. Utaratibu ni huo huo kuhani akitaka kukupaka alama kwenye paji la uso: mkono juu ya kifua, hatua moja nyuma, imekwisha. Fedha vilevile hazidaiwi. Mkipenda kuchangia, fanyeni hivyo ofisini mpewe stakabadhi, si kwa mtu anayewafuata uani.

Katika kupanga siku, kinachotawala ni saa za mchana ambazo milango hufungwa. Miungu hupumzika, na watawa nao hupumzika. Kwa kawaida Dakshineswar hufungwa kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri, na Belur Math wakati wa baridi kuanzia saa tano na nusu hadi saa tisa na nusu alasiri. Mwanao na azithibitishe saa hizi wiki ile ile, kwa kuwa hubadilika kwa majira na sikukuu. Anayefika Belur saa sita mchana atasimama nje ya lango kwa zaidi ya saa tatu, na wageni wengi hufanya hivyo kila siku. Nyinyi ingieni Dakshineswar mapema, saa moja asubuhi ikiwezekana, mmalize kabla ya saa tano. Mapumziko hayo ya mchana yatakufaa zaidi ya wengine, kwani adhuhuri na alasiri zote huingia kabla Belur haijafunguliwa tena, kwa hiyo mtaswali msikitini bila haraka, mtakula, kisha mtavuka.

Njia ya kuvuka ninayoipendekeza ni ya maji. Kuna boti za abiria kati ya Dakshineswar na Belur, na safari inatosha kuwaonyesha vihekalu vile kumi na viwili kutoka mtoni, sura ambayo mtu wa nchi kavu haipati. Boti huwa zinajaa, kwa hiyo kaeni mkipata nafasi, na jaketi la kuokolea maisha likiwepo livaeni hata kama wenyeji hawalivai. Kama mkeo haipendi boti, barabara inapita juu ya daraja la Vivekananda Setu lililo karibu kabisa na hekalu.

Belur Math ni kazi ya Swami Vivekananda, mwanafunzi wa Ramakrishna, yule aliyehutubia Bunge la Dini mjini Chicago mwaka 1893. Alianzisha jumuiya ya Ramakrishna Mission tarehe 1 Mei 1897, na tarehe 9 Desemba 1898 akaleta Belur, begani mwake, chombo chenye mabaki ya mwili wa mwalimu wake. Alifia hapo hapo tarehe 4 Julai 1902, akiwa na umri wa miaka 39. Chumba chake cha ghorofani kimehifadhiwa, na mgeni hukitazama bila kuingia. Hekalu kuu alilolifikiria yeye lilizinduliwa baadaye sana, tarehe 14 Januari 1938, na aliyechora ramani yake alikuwa mtawa mwenzake, Swami Vijnanananda, ambaye kabla ya utawa alikuwa mhandisi. Lizungukeni kwa nje kwanza. Lango la mbele limechukua mapambo ya Kibuddha, madirisha na roshani zinakumbusha majumba ya enzi za Wamughal na Warajput, watawala wa zamani wa India, na ndani ukumbi ni mrefu kama wa kanisa kuu la Ulaya. Wapo wataalamu wa ujenzi wanaoona mchanganyiko huo ni mzito mno, nami siwalaumu, lakini kama hoja ya kihistoria iliyoandikwa kwa mawe, sijui jengo jingine la aina yake katika Bengali. Mwisho wa ukumbi kuna sanamu ya marumaru ya Ramakrishna ameketi, na chini yake ndiko yalikowekwa mabaki yale.

Kandokando ya mto kuna mahekalu madogo matatu, yaliyojengwa kwa kumbukumbu ya Sarada Devi, Vivekananda, na Swami Brahmananda aliyekuwa mkuu wa kwanza wa shirika. La Sarada Devi, aliyefariki mwaka 1920 na kuchomwa hapo, linautazama mto, na wenyeji husema kwamba aliupenda sana. Mtasikia majina matatu yakirudiwa: Thakur ni Ramakrishna, Ma ni Sarada Devi, Swamiji ni Vivekananda. Mtawa yeyote mtakayezungumza naye mwiteni Maharaj. Wenye mavazi ya rangi ya machungwa wameshaweka nadhiri za mwisho, na wenye nguo nyeupe bado wako katika mafunzo. Mtaona waumini wakiinama kugusa miguu yao. Kwenu nyinyi viganja vilivyokutanishwa vinatosha. Wengi wao wanajua Kiingereza, na hujibu maswali ya kweli kwa uvumilivu, ilimradi mtu asiwasimamishe wanapoelekea ibadani. Picha haziruhusiwi ndani ya uwanja wote, na walinzi hawana mzaha juu ya hilo. Kwa masomo yako, duka la vitabu lina vijitabu vya Kiingereza vyenye picha kwa bei ndogo.

Mavazi hayana utata kwenu. Suruali ndefu na shati, au kanzu, vinafaa, na baibui au dera na mtandio vinafaa sana, kwani kinachotakiwa ni mabega na miguu kufunikwa. Jioni za Desemba huwa na ubaridi na marumaru hubana nyayo, kwa hiyo wekeni soksi mfukoni. Ndani ya ukumbi wanaume na wanawake huketi pande tofauti, jambo ambalo kwa mkeo halitakuwa geni. Akipenda kujua habari za watawa wa kike, Sri Sarada Math ni shirika la wanawake lililoanzishwa mwaka 1954, makao yake yako Dakshineswar, na linaendeshwa na wanawake wenyewe bila kuwa chini ya watawa wa kiume wa Belur.

Kilele cha Belur ni ibada ya taa ya jioni, arati, inayofanyika baada ya jua kuzama. Taa huzungushwa mbele ya sanamu, na ukumbi mzima, watawa na watu, huimba pamoja wimbo wa Kibengali alioutunga Vivekananda mwenyewe. Hapa kuna mgongano na ratiba yako ambao ni lazima uukabili mapema, kwa kuwa jua la Desemba huzama Kolkata muda mfupi kabla ya saa kumi na moja jioni, na magharibi huingia karibu na saa hiyo ya arati. Uwanja wa watawa si mahali pa kuswalia. Ama mtoke mkaswali karibu na hapo kisha mrudi, ama mkae nyuma kabisa karibu na mlango, msikilize mwanzo, na mtoke kimya kabla muda wa swala haujapita. Watu hutoka na kuingia, wala si kosa, mradi msipite mbele ya walioketi.

Kuhusu siku ya kuchagua, epukeni Jumanne na Jumamosi, ambazo Wabengali wanazihesabu kuwa siku za Kali na Dakshineswar hufurika, pamoja na Jumapili. Epukeni pia tarehe 1 Januari, ambayo waumini wa Ramakrishna huiadhimisha kwa umati mkubwa, na siku ya kuzaliwa Sarada Devi, ambayo hufuata mwezi mwandamo na mara nyingi huangukia Desemba. Kama mtakuwa bado Kolkata tarehe 24 Desemba, rudini Belur jioni hiyo kwa mara ya pili. Mwaka 1886, miezi michache baada ya Ramakrishna kufariki, vijana wanafunzi wake walikesha kando ya moto katika kijiji cha Antpur na kuweka nadhiri ya utawa, kisha wakatambua kwamba ulikuwa mkesha wa Krismasi. Tangu hapo watawa hao wa Kihindu huuadhimisha mkesha huo kila mwaka: picha ya Yesu hupambwa kwa maua na mishumaa ndani ya hekalu kuu, keki hutolewa, na habari za kuzaliwa kwake husomwa kutoka katika Injili. Ukumbi hujaa mapema siku hiyo, kwa hiyo muwe langoni kabla ya saa tisa na nusu.